Mama Dama, Nilikufuta Kabla Hujapona

Mama Dama wangu,

Nakuandikia nikiwa nimeketi kwenye kiti chako cha cherehani. Meza yangu ipo, lakini imejaa vitabu vya kanisa na leo sitaki kuviona. Ni Jumatatu, saa nne asubuhi. Malori yanapanda barabara ya Nairobi kama kawaida, na vumbi linaingia hapa Mikindani kama kawaida. Ni miezi minane tangu uondoke. Barua hii naiacha wazi, asomaye na asome, kwa kuwa nilikukosea mbele ya watu na sioni haki ya kukuomba radhi chemba.

Wewe wanijua. Mimi ni mtu wa kupanga vitu. Miaka ishirini na saba nilikuwa karani katika yadi ya makontena kule Changamwe, kazi yangu kujua kila kontena limekaa safu gani, na moja likiwekwa pasipo pake hata chakula hakinipiti. Nilipostaafu nikaihamishia tabia ile kanisani. Wakanifanya mzee wa kanisa, wakanipa darasa la ubatizo, na somo nililolipenda kuliko yote likawa aina za maombi. Sala ya sifa, ya toba, ya shukrani, ya haja, ya maombezi, sala ya imani, sala ya kunyamaza. Saba. Niliziandika ubaoni kwa chaki za rangi. Wewe ulikuwa ukikaa benchi la nyuma ukishona vifungo vya sare za kwaya, na siku moja ukaniuliza mbele ya wanafunzi wangu, ‘Mwalimu, na yule anayelia tu, hana maneno, wamuweka wapi?’ Nikasema huyo ataingia kwenye haja. Ukasema kumbe mbinguni kuna makabati. Darasa zima likacheka, nami nikanuna mpaka tukafika nyumbani.

Nilikuwa sizipendi sala zako, na hilo ulilijua. Mara ya kwanza tulipokula pamoja tukiwa mtu na mkewe, katika kile chumba cha kupanga Changamwe, nilikuachia wewe uombee chakula. Nikafumba macho, nikajiweka tayari. Ukasema, ‘Baba, asante, twala.’ Nilipofumbua macho ulikuwa umeshamega sima. Nilidhani unanitania, kumbe ndivyo ulivyo. Ulikuwa ukiomba huku unachuja nazi, ukiomba huku unatafuta sindano iliyoanguka, na hata sindano ulikuwa ukimuuliza Mungu iko wapi. Mimi nikikwambia Mungu si mtumishi wa kutafuta sindano, ukinijibu, mbona kaiona.

Halafu ile siku Dama alipougua. Alikuwa na miaka minne, homa imempanda hadi macho yakamgeuka, nasi tunasubiri jirani alete gari tumkimbize hospitali. Mimi nikapiga magoti nikaanza kwa utaratibu, kwanza sifa, kisha toba. Wewe ulisimama mlangoni umempakata mtoto, ukatazama juu, ukasema kwa sauti ya mtu anayegombana na jirani juu ya mpaka wa shamba, ‘Huyu humchukui. Wanisikia? Huyu humchukui.’ Niliona haya. Nikakwambia Mungu hasemeshwi hivyo. Ukaniambia niendelee na zangu, wewe una zako.

Dama leo ana nyumba yake Bofu na watoto watatu. Sikuwahi kukwambia kwamba siku ile, nikiwa pale chini kwa magoti, sala iliyonitia moyo ilikuwa yako. Yangu nilikuwa nikiisikia tu kama mtu anayesoma orodha. Ningekwambia, labda miaka yote iliyofuata ungeniamini nikisema sijui. Lakini mimi sikuwahi kusema sijui, nilikuwa mwalimu.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Ule uvimbe ulipoonekana tumboni, daktari alitwambia ukweli bila kuzungukazunguka. Hospitali ulikwenda, dawa ulimeza, hilo angalau sikulizuia. Na kanisani jina lako nililiandika mimi kwa mkono wangu katika daftari la maombi. Asiyelijua kanisa letu nimweleze kidogo. Daftari lile lina pande mbili. Mbele ni wahitaji, ambao kila Jumatano alasiri husomwa mmoja mmoja na kuombewa kwa majina. Nyuma ni wenye shukrani. Mtu akisimama Jumapili akatoa ushuhuda kwamba ametendewa, karani wa maombi hulipiga mstari jina lake mbele akalihamishia nyuma, na watu wakampigia Bwana makofi. Karani huyo nilikuwa mimi. Na ile sheria kwamba jina lililokwenda nyuma halirudi mbele ilikuwa yangu pia. Nilisema kurudi ni sawa na kumwambia Mungu kazi yake ilikuwa mbovu. Mchungaji akaipenda, waumini wakaitikia amina, nami nikajiona nimevumbua jambo.

Uliombewa Jumatano tatu. Ile ya tatu akina mama walikuwekea mikono wakaimba mpaka wakakauka makoo, na kuanzia Ijumaa yake maumivu yakatulia. Ulilala, ukala, ukashona sare nne. Nikakushikilia utoe ushuhuda. Ulisema tungoje kidogo tuone, nami nikakujibu kwamba imani haingoji kuona. Jumapili ukasimama na lile gauni lako la kijani, ukasema unamshukuru Mungu kwa siku tisa za usingizi. Siku tisa za usingizi, ndivyo ulivyosema, hukuongeza hata neno. Aliyechukua kipaza sauti akasema mke wangu amepona ni mimi. Na kabla ya ibada kwisha nilikuwa nimeshalipiga jina lako mstari, tena kwa rula.

Hazikupita wiki mbili. Alasiri moja ulikuwa papa hapa nilipoketi, unapinda buibui la mteja, nami nasoma kule mezani. Ulisimamisha cherehani.

‘Baba Dama, nirudishe mbele.’

Nilijua unasema nini, lakini nikakuuliza mbele wapi.

‘Kwenye daftari. Kunauma. Nataka watu waniombee.’

‘Ulishashukuru,’ nikakwambia. ‘Ukiomba tena itakuwa ulishukuru uongo. Usikiri maumivu, kiri uzima.’

Ulikata uzi kwa meno. Ukasema, ‘Haya.’

Nimeishi nawe miaka thelathini na mmoja na haya zako zote nazijua. Ipo haya ya kunikubalia, ipo haya ya kuniacha nijionee mwenyewe, ipo ya kusema mjadala umekwisha chakula kiko mezani. Ile haikuwa yoyote kati ya hizo. Niliisikia kwamba ni ngeni, nikageuza ukurasa nikaendelea kusoma. Tangu siku ile hukulia tena mbele yangu wala hukugombana na Mungu kwa sauti. Mimi nikadhani hatimaye umejifunza kuomba. Nilikuwa nikikutazama umenyamaza, uso umeuelekeza ukutani, nikajisemea moyoni kuwa ile ndiyo sala ya kunyamaza, ya mwisho ubaoni, ngumu kuliko zote, na mke wangu ameifikia. Ulikuwa unauma meno kwa maumivu, Mama Dama. Nami nikakupa alama za juu.

Watu wakija kukutazama waliuliza hali, ukawajibu unamshukuru Mungu, nao wakafurahi. Kanisani ulikaa umenyooka, mkono mmoja umeshika benchi la mbele. Kiongozi wa kwaya aliwahi kukuuliza mbona umekonda hivi. Kabla hujafungua mdomo nikamjibu mimi, nikasema umefunga, unaomba kwa ajili ya kanisa. Ulinitazama. Sijawahi kutazamwa vile na mtu yeyote, na natumaini sitatazamwa tena. Mtu akikwambia uongo utamwita mwongo. Mimi nilikuvika uongo wangu, ukautembeza kanisani umeuvaa, na kufunga hukufunga, chakula kilikuwa hakipiti.

Asubuhi yako ya mwisho nilikuwa kando ya kitanda, nikishukuru kwa sauti. Nilishukuru kwa uponyaji kamili. Dama alikuwa jikoni akikuchemshia uji. Ulinishika kifundo cha mkono nikadhani waitikia amina, kumbe wataka neno. Ukasema, ‘Baba Dama, vumbi. Funga dirisha.’ Nikaenda kulifunga, na bawaba ile wajua inavyosumbua, nikachelewa pale. Niliporudi ulikuwa umegeukia ukutani, na uji ulipoletwa ulikuwa huuhitaji tena. Hilo ndilo neno lako la mwisho kwangu, na nashukuru angalau nililitii.

Tulikuzika nyumbani Kaloleni. Mchungaji alisema kaburini kwamba Mungu amejibu maombi yetu kwa njia ya juu zaidi, kwamba umeponywa uponyaji usio na mwisho. Nikaitikia kwa kichwa kwa nguvu kuliko watu wote. Dama alikuwa amenishika mkono, akauachia. Mpaka leo akinipigia simu kutoka Bofu ananiuliza nimekula nini, nami namjibu, na zaidi ya hapo hatuzungumzi.

Tangu hapo siwezi kuomba. Kusimama mbele nasimama, kinywa kinajua njia, maneno yanatoka na watu wanaitikia. Lakini nikiwa peke yangu nikifumba macho hakuna kitu. Nilijaribu sifa, ikawa kama kumsifia mtu ambaye hatujasalimiana. Nilijaribu toba, lakini toba ya kweli inataka kulitaja kosa, na mimi nilikuwa bado nasema kosa langu ni kwamba sikuamini vya kutosha. Nikawa natubu kwa kukukosea kidogo, wakati nilikukosea kabisa. Ndipo siku moja nikiandaa somo nikafika pale Yesu alipoomba bustanini, na nikaona, kama vile sijawahi kupasoma, kwamba aliomba jambo lile lile mara tatu. Mara tatu, na jasho likimtoka. Wala hakuambiwa ulishaomba. Somo hilo nimelifundisha miaka na miaka. Nikafunga kitabu.

Wiki iliyopita nilifungua saraka, ile droo ya cherehani yako. Mlikuwa na buibui limekunjwa vizuri, limeshapindwa, na kijikaratasi kimebanwa kwa pini chenye jina la Bi Mwanakombo wa Jomvu Kuu. Nikakumbuka kuwa kila Alhamisi ulikuwa ukienda huko kupeleka na kuchukua nguo, hata ulipokuwa hujiwezi, na nikikwambia upumzike wasema ukirudi utapumzika. Nikaona buibui la watu haliwezi kukaa kwangu. Nikaenda kwa miguu, kwa vichochoro vile vile ulivyokuwa ukipita.

Bi Mwanakombo alikuwa ukumbini akichambua mchele. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitandikia mkeka. Nilipomwambia mimi ni nani akaweka ungo chini, akakuombea rehema, akalipokea buibui akalipakata mapajani bila kulikunjua. Alisema ulikuwa ukimaliza kumpima wakaa naye kitambo. Alidhani nayajua hayo yote, kwa hivyo alizungumza bila kuficha.

‘Mwanangu, alikuwa akinambia, Bi Mwanakombo, niombee. Nami nikiinua mikono yangu nikimuombea dua kwa dini yangu, yeye akiitikia amina kwa dini yake. Wallahi sikuona ubaya. Mtu yuwaumwa, ataka kuombewa, nimwambie nini?’

Nikamuuliza ulikuwa ukitaka uombewe nini. Nikasema, ‘Apone?’

‘Kupona alikuwa hakutaji sana,’ akasema. ‘Akitaka nimuombee apate moyo wa kukwambia wewe kuwa hajapona. Alisema alikwambia mara moja, mara ya pili akashindwa.’

Nitakwambia ukweli wote, maana sasa sina cha kulinda. Jambo la kwanza nililolihisi ni wivu. Nilimwonea wivu yule mama kwa kuwa alikuona ukilia. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikijitetea, nasema ungeninong’oneza tu, ungesisitiza, mimi si simba. Nikafika penye kile kipandio karibu na barabara kuu nikapumzika, magoti yanauma, na ndipo nikafikiri kwamba wewe ulipanda pale na tumbo lile, Alhamisi baada ya Alhamisi. Mume wako ana aina saba za maombi zimeandikwa kwa chaki za rangi. Nawe ulivuka mtaa mzima kwenda kuomba dua kwa mama wa Kiislamu, si akuombee kwa ugonjwa, akuombee kwa ajili yangu. Uliniogopa mimi kuliko ulivyoogopa kufa. Nilikaa pale chini mpaka mwenye kibanda cha kando ya njia akaniuliza kama nataka maji.

Jana ilikuwa Jumapili. Saa ya ushuhuda ilipofika nikasimama. Nilikuwa sijajipanga, na wajua hilo kwangu ni ajabu. Nikashika kipaza sauti nikasema Bwana asifiwe, wakasema amina.

‘Mke wangu hakupona,’ nikasema.

‘Amina,’ wakaitikia, kwa mazoea tu, kanisa zima, na mtu wa kinanda akagusa kinanda.

Ikabidi nirudie. Nikasema hakupona, na nilijua kuwa hakupona, aliniomba nimrudishe kwenye daftari nikakataa. Nikasema wale waliosikia kuwa amefunga, hakuwa amefunga. Kiongozi wa kwaya akajifunika uso kwa leso. Mchungaji akaja taratibu akanishika bega, akawaambia watu mzee ana majonzi, tumuombee. Nikamwambia nisiombewe kwanza. Nikarudi kukaa, nao wakaimba wimbo uliofuata kwenye ratiba.

Ibada ilipokwisha nilibaki kwenye benchi nikingoja watu watoke. Daftari lilikuwa mapajani. Akaja Mama Kazungu, yule anayeuza mboga karibu na shule, ambaye mwaka juzi alitupa mkongojo mbele ya madhabahu tukampigia makofi. Nilikuwa namwona kila siku akichechemea, Mama Dama. Wote tulikuwa twamwona. Akainama sikioni pangu.

‘Mzee, huu mguu haujapona. Niandike mbele.’

Nikamwandika. Nyuma yake akasimama baba mmoja mwenye ugonjwa wa macho, kisha msichana aliyeshuhudia kuwa amepata kazi, na kazi yenyewe ilidumu siku nne. Kisha kiongozi wa kwaya, ambaye sikujua kuwa ana neno lolote, akataja la mumewe, nalo siliandiki hapa. Walikuja bila kusukumana, wanasema kwa sauti za chini kama watu waliokuja kurudisha kitu kisicho chao. Wengine hawakuweza kusema, walilia tu, nami nikaandika majina bila kuuliza ni ya aina gani. Mchungaji alisimama mlangoni na funguo mkononi. Hakutukataza wala hakuja karibu.

Sikwambii haya ili uone kuwa nimetenda jema. Sikupata nafuu yoyote. Nilikuwa nikiandika huku nafikiri kwamba kazi hii inachukua dakika moja kwa kila jina. Dakika moja, kalamu na mstari mmoja. Hicho ndicho ulichoniomba, na mimi nikakujibu kwa somo.

Walikuwa sita. Nilipomaliza jina la sita mkono haukusimama. Ukashuka mstari wa saba ukaanza kuandika Mama D, kisha nikauona nikaukamata. Kanisa letu haliwaombei waliokwisha kufa. Hilo nalo ni mimi ninayelifundisha, na kwa miaka yote hiyo hakuna mwanafunzi aliyeniuliza swali juu yake. Sasa ninayo maswali mimi, na sina wa kumuuliza.

Kwaheri, mke wangu. Kutoka siku uliyoniomba mpaka siku uliyogeukia ukutani ni miezi mitano. Hiyo ndiyo nafasi niliyokuwa nayo ya kukuombea, na yote niliimaliza kwa kushukuru.

Mumeo,
Baba Dama